Fundo la Kisogoni

Ukitaka kunirudisha utotoni huna haja ya kunionyesha picha. Chemsha maji, chovya humo ncha za rasta zilizosukwa sasa hivi, kisha uache ule mvuke unipige puani. Harufu yenyewe si nzuri, nusu plastiki, nusu nguo iliyopigwa pasi ikiwa bado mbichi, lakini ikinifikia moyo unaruka. Ijumaa iliyopita binti yangu Neema alisukwa hapa hapa uani kwangu, Biharamulo mjini, rasta za kufika kiunoni. Msusi alipoleta birika na kuanza kuchovya zile ncha, nikaacha mboga zikaungua jikoni. Mama yangu, ambaye amekuja kututembelea kutoka Nyamigogo, akaniangalia kutoka kwenye mkeka wake.

"Unachekea nini peke yako?"

"Harusi ya Mama Mdogo," nikamjibu.

Naye akatabasamu, akarudi kwenye kazi yake ya kuchambua maharage.

Neema ametoka kumaliza darasa la saba, na wenzangu mliosoma shule zetu za msingi mnajua hiyo maana yake nini. Miaka saba kichwa chako ni mali ya shule. Nywele zikikua kidogo tu, mwalimu wa zamu anakushika mstarini, anapitisha mkasi katikati ya utosi na kukuachia barabara, ukamalizie mwenyewe nyumbani. Ukishafanya mtihani wa mwisho hakuna wa kukuuliza tena mpaka kidato cha kwanza. Hiyo miezi michache ndiyo sikukuu ya kichwa. Mimi ya kwangu iliangukia kwenye harusi, na sijawahi kuwa na bahati kubwa kuliko hiyo.

Mama Mdogo, mdogo wake Mama wa mwisho kuzaliwa, alikuwa msusi pale Nyakanazi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya wageni, kioo kimoja chenye ufa, viti viwili, na wateja hawakatiki: mama lishe, wasafiri waliokosa basi, wahudumu wa vituo vya mafuta. Yeye mwenyewe alikuwa na rasta za kufika kiunoni, na akitembea zilikuwa zinamfuata nyuma kama zina mpango wao. Kwangu hakuwepo binadamu mzuri kama yeye. Alipotangaza kwamba anaolewa kwao Ngara, na kwamba wapambe wake saba wote atawasuka kwa mkono wake mwenyewe, rasta za aina moja na urefu mmoja, nami nimo, nilikimbia kuzunguka nyumba mara tatu. Mbuzi nao wakakimbia.

Nikawa wa kwanza kusukwa, Jumanne ya wiki ya harusi, kwa sababu nywele zangu zilikuwa fupi kuliko za wote na zilitaka uvumilivu. Nilikaa kitini saa moja asubuhi, nikanyanyuka saa kumi jioni. Ngozi ya uso ilivutwa nyuma mpaka nikawa sifumbi macho vizuri. Lakini niliposimama nikageuza shingo, zile rasta zikanigonga mgongoni, na nikahisi ule uzito, jamani, uzito wa nywele zangu! Kutoka hapo nikawa nageuka hata kama hakuna aliyeniita.

Mama Mdogo akachukua kipande cha satini ya zambarau kilichobaki kwenye gauni zetu, akanikalisha tena.

"Sikiliza, mama. Rasta hazilali kwenye mto mtupu. Jioni unazikusanya juu hivi, unafunga kitambaa, fundo linakaa mbele, hapa kwenye paji, kama kipepeo. Jumamosi asubuhi nitapita kichwa kwa kichwa. Atakayekuwa amevurugika, hata awe nani, atakaa benchi na wageni. Kwenye harusi yangu sitaki nywele za kuku aliyenyeshewa."

"Hata mimi, Mama Mdogo?"

"Wewe ndiye nitakayeanza naye."

Mama alikuwa ameketi mlangoni akinisubiri. Akacheka kwa pua. "Mtoto huyu? Huyu halali, anapigana. Jioni namwacha kichwa huku, asubuhi nakikuta kule kulikokuwa na miguu. Unampa kazi asiyoiweza, mdogo wangu."

Nilimchukia dakika ile. Kwa maoni yangu ya wakati huo, Mama alikuwa adui wa urembo. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa mwaka mzima, kitenge juu, basi. Njia nzima ya kurudi Nyamigogo alilalamika: nywele za nini kwa mtoto, mwezi wa kwanza zinanyolewa, siku nzima ya palizi imepotea. Mimi nikawa najiapia moyoni kwamba nitamwonyesha. Siku nne. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nitalala kama gogo, na Jumamosi nitatembea mbele ya bibi harusi, na yeye atanyamaza.

Lakini sasa kitanda chetu mnakijua ninyi mliolala kitanda cha aina hiyo. Godoro ni gunia lililoshindiliwa nyasi kavu, kila ukijigeuza linajibu. Mto umejazwa sufi, na mshono wake ulikuwa unavuja, hivyo asubuhi mtu unaamka na mvi za bibi kizee. Jioni ile nilifunga kitambaa mbele ya kipande cha kioo, nikatengeneza kipepeo kwenye paji kama nilivyoelekezwa, nikajilaza chali, mikono kifuani, kama askofu aliyefariki. Nikasali Baba Yetu na Salamu Maria. Kisha, kwa kuwa katekista wetu alikuwa ametufundisha kwamba kila mtu ana malaika wake mlinzi asiyesinzia, nikamwomba na yeye anishike kichwa.

Asubuhi nilipofumbua macho nikapeleka mkono kwenye paji. Kipepeo hakipo! Nusura nipige yowe. Halafu nikagundua kitambaa bado kipo kichwani, kimebana vizuri kabisa, ila fundo limehamia nyuma, kisogoni, dogo na gumu kama kokwa. Nikakivua kwa mbele kama kofia, nikahangaika nalo kwa kucha, likakataa, nikalifungua kwa meno. Rasta zote zilikuwa zimelala mahali pake, hakuna hata unyoya wa sufi. Nikajisifu. Nikadhani labda kitambaa kimezunguka chenyewe.

Asubuhi ya pili, tena. Nilikuwa nimefunga kipepeo mbele, nimekuta fundo nyuma. Safari hii nililitazama vizuri kabla ya kulifungua. Mizunguko miwili, mkia umechomekwa ndani. Hilo fundo nilikuwa nalijua. Lilikuwa fundo la magunia ya maharage, lile lisilofunguka hata baiskeli ikianguka njiani kwenda mnadani.

Nilikaa kitandani nikipiga hesabu. Kitambaa hakijifungi. Mimi nilikuwa nimelala. Kwa hiyo kuna mtu, na mtu asiyesinzia tulikuwa tumeshafundishwa ni nani. Kilichonitatiza ni lile fundo tu: malaika wa mbinguni anajuaje fundo la gunia la maharage? Nikaenda kuchunga mbuzi na swali hilo, na kabla jua halijafika utosini jibu likanijia, tena likanijia nikiwa juu ya kichuguu, nikashuka kwa kuruka. Malaika wangu amekulia Nyamigogo!

Nilikimbia mpaka nyumbani. Mama alikuwa ameinama anakoroga ugali, macho mekundu kwa moshi.

"Mama! Malaika wangu mlinzi ananifunga kitambaa!"

Mama hakugeuka. Aliendelea kukoroga.

"Siku mbili sasa, Mama. Anafunga kama gunia!"

"Malaika ana kazi nyingi," Mama akasema hatimaye. "Mwonee huruma. Jitahidi kulala umetulia."

Nikaona ni haki. Alhamisi jioni nikachagua ndizi mbivu, ile nzuri kuliko zote kwenye mkungu, nikaiweka kwenye kigoda kando ya kitanda, kama shukrani. Asubuhi fundo kisogoni, na kwenye kigoda kuna ganda! Limekunjwa vizuri, limewekwa upande. Nilitoka nje mbio nikiwa sijanawa uso, ganda mkononi.

"Amekula, Mama! Amekula!"

"Kama amefanya kazi," Mama akasema huku anajitwisha kapu la safari, "si lazima ale?"

Katika maisha yangu nimepata vyeti, nimepata mume, nimepata watoto. Sikumbuki asubuhi nyingine niliyokuwa na furaha ya namna ile, ya kuona mbingu yenyewe imemenya ndizi yetu.

Ijumaa tukasafiri. Bodaboda mpaka Nyakanazi, kisha basi la Ngara, mimi nimejifunika kanga ya Mama juu ya kitambaa kwa kuogopa vumbi, nimekaa wima bila kuegemea kiti. Tulipofika kwa bibi, kijiji jirani na Lukole, uani kulikuwa kumejaa wanawake, visu na mikungu ya ndizi, na bibi mwenyewe akanishika rasta akazivuta kama anapima kamba ya ng'ombe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nywere zote hizi za nani?"

"Za kwangu, bibi."

"Uongo huo, mwana wanje, mwanangu we! Na utarara nazo?"

Hilo ndilo lililokuwa linaniuma na mimi. Wapambe saba tuliwekwa chumba kimoja, nyasi sakafuni, mikeka juu yake, tumebanana bega kwa bega. Pembeni yangu alilala Odilia, binti wa mjomba, anayekaa Ngara mjini, mrembo na anajua. Aliniangalia nikifunga kipepeo changu.

"Wewe utaweza kweli?" akaniuliza. "Si mmezoea vipara huko kwenu?"

Niungame hapa hapa mbele yenu: jioni ile sala yangu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, nywele zangu zipone. Ya pili, kitambaa cha Odilia kitoke.

Halafu hofu ikanishika, hofu ya kweli, iliyonifanya niruke miguu ya wenzangu na kutoka nje. Mama alikuwa katikati ya wanawake, anamenya ndizi za kesho. Nikainama sikioni kwake.

"Mama, malaika wangu ni wa Nyamigogo. Hapa Ngara atapajua?"

Mama akafuta kisu kwenye kitenge. Alikuwa amechoka, hilo nililiona hata mimi niliyekuwa sioni kitu isipokuwa nywele zangu.

"Kama amepanda basi," akasema, "atakuwa ameshafika. Kalale."

Jogoo alipowika nikapeleka mkono nyuma moja kwa moja, sikuhangaika na paji. Fundo lipo! Amepanda basi! Nikaketi huku nacheka peke yangu, nikataka kumwangalia Odilia kitambaa chake kimeishia wapi. Hakikuwa kimetoka. Kilikuwa kimekaza, fundo kisogoni, mizunguko miwili, mkia ndani. Nikamtazama wa pili yake. Vilevile. Nikawahesabu wote mle chumbani. Vichwa saba, mafundo saba ya gunia.

Kwa kweli niliudhika. Malaika ni wangu, nimemlisha ndizi yangu, halafu anamfunga na Odilia? Lakini haikudumu, kwa sababu ukiwa mtoto furaha kubwa inameza vitu vingi. Nikawaamsha wote nikawatangazia ni nani aliyepita. Odilia akajishika kisogo.

Mama Mdogo akaingia na kitana na kioo, tayari kwa ukaguzi. Akaanza na mimi kama alivyoahidi. Vidole vyake vikaligusa lile fundo, vikasimama. Akaenda kwa Odilia. Akaenda kwa mwingine, na mwingine. Alipofika wa saba akageuka kuangalia mlangoni. Nje kule Mama alikuwa anapuliza moto chini ya sufuria, ametupa mgongo.

"Nani amewafunga hivi?" Mama Mdogo akauliza.

"Malaika wangu," nikasema kwa majivuno.

"Namjua huyo," akasema, kisha akaketi chini kwenye nyasi na kanga yake mpya, akaanza kulia. Analia huku anacheka, huku anafungua mafundo kwa meno, moja baada ya jingine. Wakubwa walituambia bibi harusi hulia asubuhi ya harusi kwa sababu anaondoka kwao. Nikaona ndiyo hiyo, nikampa kona ya kitenge changu ajifute.

Rasta zote saba zilipona. Tulitembea kanisani wawili wawili, mimi peke yangu mbele kwa kuwa nilikuwa mfupi kuliko wote, maua mkononi, kwaya inaimba, na kila hatua zile rasta zilipiga mgongo wa gauni la zambarau, tap, tap, na watu wa pande zote mbili wakageuka kuniangalia. Nilidhani nitapasuka. Nikamtafuta Mama kwenye mabenchi ili anione, aone huyu asiyeiweza kazi. Nikamwona benchi la tatu. Alikuwa amesinzia. Kabla hata padri hajaanza mahubiri Mama yangu alikuwa ameshalala, shingo imeanguka upande, mdomo wazi, mbele ya altare na mbele ya ukoo mzima wa Ngara, siku ambayo mimi nimetembea. Bibi alikuwa anamsukuma kwa kiwiko na wala hashtuki.

Nilimkasirikia wiki nzima. Nikamwona mtu asiyejali. Mwezi wa kwanza alipoketi kunifumua ili ninyolewe kwa ajili ya shule, rasta moja moja, kwa uangalifu ambao leo ndipo nauona, bado nilikuwa nimevimba. Kile kitambaa cha satini alikichukua akafungia mbegu za mchicha. Baadaye nikakua. Malaika wangu nikamweka na mambo mengine ya utoto, nikijiambia huenda nilikuwa najifunga mwenyewe usingizini. Mtu mzima hasumbuki kuuliza habari za kitambaa.

Basi, Ijumaa iliyopita, msusi alipoondoka, nilimkalisha Neema nikamfunga kitambaa chake, kipepeo mbele kwenye paji, na nikampa yale maneno ya Mama Mdogo kuhusu mto mtupu. Jumapili alikuwa apate kipaimara na alitaka nywele ziwe vilevile. "Sitajigeuza hata kidogo, Mama," akaniapia, akaenda kulala chumba kimoja na bibi yake.

Asubuhi nilikuwa jikoni namimina chai kwenye chupa, Neema akaja amejishika kichwa.

"Mama, nifungulie, sifiki. Kimebana."

Kipepeo hakikuwepo. Nikamgeuza. Nikaligusa lile fundo kabla sijaliona vizuri, na mkono wangu ukalitambua kabla yangu. Mizunguko miwili. Mkia ndani. Nikaanza kuhesabu siku. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Na Ijumaa, baada ya kumenya ndizi za harusi nzima, vichwa saba gizani, kimoja kimoja, bila kumwamsha mtu. Kisha benchi la tatu, shingo imeanguka upande, na mimi nimemnunia wiki nzima! Nilijisikia aibu na furaha kwa pamoja, na sikujua nianze na ipi.

Nikatazama uani. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, anamenya ndizi za asubuhi, macho mekundu. Moshi haukuwepo. Mimi napikia gesi.

Neema akatoka akamwendea. "Bibi, ni wewe umenifunga hivi?"

"Mimi?" Mama hakuinua uso. "Mimi nililala kama gunia."

"Sasa ni nani?"

Neema akanigeukia mimi, na kisu cha Mama kikasimama katikati ya ndizi.

"Ni malaika wako mlinzi," nikamwambia. "Amekulia Nyamigogo."

Nikaingia ndani, nikachagua ndizi mbivu, ile nzuri kuliko zote kikapuni, nikatoka nayo nikaiweka mkekani mbele ya Mama. Akaitazama. Akanitazama mimi.

"Kama amefanya kazi," nikasema, "si lazima ale?"

Mama akaichukua, akaimenya.